Mtihani wa Foleni ya Nakala

Wanafunzi walimpachika jina la Bi Kwanini, na wala halikumkera. Kwa miaka tisa alikuwa akifundisha ujasiriamali chuo kikuu, na miaka yote hiyo swali moja lilimnyima raha: utajuaje kwamba mwanafunzi amejifunza, hakukariri tu? Mipango ya biashara iliyorundikana mezani kwake ilijaa majedwali ya kupendeza, lakini ukimuuliza mwenyewe "kwa nini?" mara mbili, anaanza kutazama dari.

Mwaka ule akabuni kitu chake. Kila mwanafunzi aliendesha biashara ndogo, na kila wiki aliandika kwenye daftari alichodhania, alichokikuta, na alichobadilisha. Walimu wenzake walimcheka. "Sasa tumekuwa wasahihishaji wa shajara?" mkuu wa idara alimtania. Bi Kwanini akatia pamba masikioni.

Daftari nene kuliko yote lilikuwa la binti mmoja waliyemwita Taratibu, kwa vile alizungumza kana kwamba kila neno lazima alionje kwanza. Alishona maturubai ya kufunika mikokoteni ya wauza matunda wakati wa mvua. Turubai la kwanza lilificha matunda, wateja wakapita bila kusimama. La pili lilipeperushwa na upepo. La tatu lilitoka zuri kweli, lakini wauzaji walimwambia bila kupepesa macho kwamba mvua ikianza wateja wenyewe hutimua mbio, sasa turubai la kazi gani? Biashara ikafa. Siku hiyo alikuja ofisini macho yamemwiva, akaomba aanze mradi mwingine, haya ya nyuma ayasahau.

"Hapana, mwanangu," Bi Kwanini alimwambia. "Usiyasahau. Vuta kiti, andika ni lini ungeweza kulijua hilo mapema."

Alikaa pale saa mbili akiandika.

Mwisho wa mwaka akaja mtahini wa nje, mzee mwembamba asiye na simile, aliyesifika kwa kushusha alama kama mtu anayepangusa vumbi. Walipokuwa wakipitia majina, mkuu wa idara alifika kwa Taratibu akaweka kalamu chini.

"Huyu biashara yake imekufa. Kanuni inasema mradi usiosimama haupiti."

"Tunapima biashara au tunampima mwanafunzi?" Bi Kwanini alidakia. Alijua akishindwa hapo, binti atarudia mwaka mzima. Akapiga moyo konde. "Mzee, mpe tatizo ambalo hajawahi kuliona. Mpe yeye, mpe na yule anayeongoza darasa. Kisha uamue mwenyewe."

Mtahini alikuna kidevu. "Asubuhi nimepanga foleni kwenye duka la nakala hapo chini. Watu wanachoka, wanaondoka. Nitawauliza hilo hilo."

Aliyeingia kwanza ni kijana anayeongoza darasa, ambaye wenzake walimwita Projekta kwa kuwa hakuweza kusema jambo bila kulitupia ukutani. Hakuhitaji hata dakika moja ya kufikiri. Mashine ya pili, programu ya simu ya kuagiza nakala, tangazo langoni. Maneno yakatiririka hadi mkuu wa idara akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akaingia Taratibu. Alisikiliza swali hadi mwisho.

"Sijui bado, mzee. Naomba nishuke nikaone."

Mkuu wa idara akashusha pumzi kwa nguvu. Bi Kwanini alitaka kusema neno, akajizuia.

"Nenda," mtahini alisema. "Nakupa nusu saa."

Nusu saa ile ilimwendea Bi Kwanini kama wiki. Binti aliporudi, alikuwa anahema, karatasi imejaa mistari mkononi.

"Nilishuka nikidhani mashine ni mbovu. Nimekosea. Mashine ni nzima." Alivuta pumzi. "Nimeona watu kumi na mmoja wakiondoka, nikazungumza na saba. Sita kati yao walitaka ukurasa mmoja tu. Mbele yao kuna watu wenye kazi kwenye simu, na mwenye duka kila mara anaacha mashine anakwenda kwenye kompyuta kuitafuta. Nikamwomba tujaribu: wenye karatasi wapange kulia, wenye simu kushoto, na wa karatasi wapite wakati kazi ya simu ikifunguka kwenye kompyuta. Kwa dakika kumi ameondoka mmoja tu."

"Kwa hiyo umetatua," mtahini alisema.

"Sijui, mzee. Dakika kumi ni chache, na asubuhi sijaiona. Ningerudi kesho watu wakiwa wengi, huenda njia hii ikavurugika."

Mzee alivua miwani. "Nani kakufundisha kusema 'sijui' mbele ya mtahini?"

"Wauza matunda," alijibu. "Mimi nilitaka kuwasahau. Mwalimu akanikatalia."

Bi Kwanini aligeukia dirishani, akajifanya anarekebisha pazia, kwa sababu machozi hayakumwomba ruhusa.

Walipobaki watatu, mtahini alisoma daftari la binti ukurasa kwa ukurasa, huku chai yake ikipoa. Hatimaye akamwambia mkuu wa idara: "Yule kijana anajua mengi. Huyu anajua namna ya kujua. Andika sabini na tisa, na hiyo kanuni yenu mwaka ujao nisiikute."

Mkuu alitaka kubisha, akaishia kucheka. "Haya, Bi Kwanini, umetuweza. Hiyo fomu mpya ya kupima utaiandika wewe."

"Naiandika leo leo."

Alitoka nje ukumbini kifua mbele. Taratibu alikuwa ameketi kwenye benchi, viatu mkononi, amechoka kwa kupanda na kushuka ngazi. Aliposikia alama zake hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alitabasamu pole pole hadi uso mzima ukanawiri.

"Mwalimu," alisema, akiinama kuvaa viatu, "mwenye duka kasema kesho anafungua saa moja. Twende wote ukaone?"

"Twende," alisema Bi Kwanini. "Ila safari hii wewe ndiwe utakayeniuliza kwa nini."