Tora Hakai kwa Mjomba

Mwaka ule wa vita theluji ilifika usawa wa madirisha. Mzee Hatakeyama, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alisimama mlangoni akikung'uta viatu vyake vya majani makavu.

"Mama Tome, amri imeshuka. Mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule Jumamosi. Ngozi zinatakiwa kwa makoti ya askari."

"Wetu ana ukurutu, Mzee."

Akamtazama Tora aliyelala kizingitini, manyoya tele, yenye milia kama ya simbamarara. "Ukurutu wenyewe uko wapi? Mumeo yuko kwenye baridi kule kaskazini, mama. Utamnyima koti?"

Tora hakubweka. Mbwa wetu wa hapa Akita hawapigi kelele ovyo. Aliinuka tu, akaja kusimama kati yangu na yule mzee, akamkazia macho mpaka mzee akaondoka.

Baba ndiye aliyemleta Tora, kabla hajaitwa jeshini. Alimweka mapajani mwangu akasema, "Mlishe wewe mwenyewe, Tome. Hawa huchagua mtu mmoja."

Alfajiri ya kesho yake Mama akampandisha Tora mlimani kwa kaka yake, Mjomba Tatsuzo, mwindaji wa dubu, akamfunga huko. Nililia mpaka nikalala. Asubuhi yake nafungua mlango, Tora huyu hapa, theluji mgongoni, kipande cha kamba shingoni, amelala juu ya viatu vyangu.

Haukupita muda mjomba naye akafika, anahema.

"Kamba ya kuburutia dubu ameitafuna kama figili! Dada, huyu hakai kwangu. Nimempa hadi nyama, ananitazama kama mkwe asiyenipenda."

"Mfunge kwa mnyororo."

"Atagoma kula afe. Huyu si mbwa wako wala wangu. Ukitaka akae, nipe na mtoto."

Mama akaacha kukoroga uji. "Na shule?"

"Shule itakuwepo. Mbwa huyu Jumamosi hayupo."

Hapo wakanigeukia. Nilikuwa darasa la tatu, na shule niliipenda kuliko kitu chochote, isipokuwa yule aliyelala kwenye viatu vyangu. Nikasema nitakwenda. Mama akatoa vitabu kwenye mkoba wangu wa shule, akaujaza soksi. Kwa Mzee Hatakeyama alisema mbwa amekufa, na mimi nimekwenda kumuuguza mke wa mjomba.

"Wageni wawili," mjomba alinitania njiani, "mmoja wa kula, mwingine wa kula zaidi. Sijui yupi ni yupi."

Mlimani Tora alitulia. Siku wanunuzi wa mkaa walipopita, tulijibanza nyuma ya kuni, mkono wangu shingoni mwake. Nilihisi mngurumo ukitembea ndani ya mwili wake, lakini mdomoni haukutoka. Wakaenda zao.

Tulishuka vita vilipokwisha. Baba alirudishwa ndani ya kisanduku cheupe cha kuwekea majivu ya askari waliokufa, na humo mlikuwa na jiwe tu. Shule ilikuwepo, kama mjomba alivyosema. Lakini mpunga ulikuwa umeiva na Mama alikuwa peke yake. Sikurudi darasani. Tora alilala kwenye tuta la shamba akiniangalia nikivuna. Kijijini mbwa alibaki yeye tu. Jike tulikuja kumpata bonde la pili, naye alikuwa amefichwa.

Uzao wao tunao mpaka leo. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Sendai na bintiye, wakitaka mtoto wa mbwa.

"Bibi, wanafaa nyumba yenye watoto?"

"Wanafaa. Ila hawapendi wageni, wala hawapendi mbwa wenzao. Mbwa atamfuata mmoja wenu, wengine atawavumilia."

"Na tukisafiri, tukamwacha kwa jirani?"

"Hatakaa."

Akacheka kidogo, akadhani natania. Bintiye alikuwa ameshakaa chini na kuvua mkoba wa shule, na kambwa kamoja kenye milia kamepanda juu ya mkoba, kamelala.

"Bibi, nimtoe? Kuna madaftari yangu humo."

"Mwache kwanza," nikasema. Nikakaa karibu yao, nikautazama mkoba ule.