Kibao cha Mti wa Pili

Langoni kwetu kaka yangu ameandika kwa rangi nyekundu: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mwenyeji ni mimi, na sijapona.

Mnielewe vizuri, sina ugomvi na wageni. Wanakuja Jumamosi, msimu wa machungwa, na kofia zao na watoto wao. Wanapanda trela ya trekta, wanazungushwa shambani kama magunia ya mbolea, wanachuma wenyewe, wanakamua juisi wenyewe, halafu wanashindana kumenya chungwa bila ganda kukatika. Anayeshinda anavishwa hilo ganda shingoni. Sisi tumeifanya kazi hiyo tangu tunaota meno, tukiiita kazi. Wao wanaiita mapumziko. Sawa, kila mtu na raha yake. Ugomvi wangu ni na kaka, na zaidi ni na huu mkono wangu wa kulia, na nitawaambia kwa nini.

Mbele ya nyumba kuna michungwa mitatu ya watoto. Baba alipanda mmoja kila mama alipojifungua, na kila mti akautundikia kibao cha mbao, jina kaliandika kwa msumari uliochomwa motoni mpaka herufi zikazama. Wa kwanza wa kaka. Wa pili wangu, na kibao hakina jina la cheti bali lile alilonibandika yeye, Ndimu, maana tangu utotoni sikuwa mtu wa kuchekacheka ovyo. Wa tatu hauna kibao. Mdogo wetu hakumaliza mwaka. Siku tuliyotoka kumzika, Baba alipitia pale kabla hajaingia ndani, akakishusha kibao, akakitia kwenye moto wa jikoni. Hakuna aliyeuliza. Tulijua tu kwamba kwetu kibao hakishuki mpaka mwenyewe afe.

Sasa Baba ni mzee, mama hayupo tena, na kumbukumbu za Baba zinakuja na kuondoka zenyewe. Mimi nilirudi nyumbani ndoa iliponishinda, nikawa namtunza. Nampikia uji, namnawisha, namkata kucha, naye ananiita "nesi". Siku nyingine "binti wa watu". Nimemeza, nifanyeje. Lakini kila asubuhi anashika mkongojo wake anakwenda kwenye miti. Macho yamefifia, anasoma kwa kidole. Akifika mti wa pili kidole kinapita herufi moja moja, kisha anageuka, ananitazama.

"Ndimu," anasema. "Umekula lakini?"

Basi. Dakika tano, pengine kumi, nina baba. Halafu nakuwa nesi tena mpaka kesho. Hizo dakika ndizo pekee zilizonibakia, na sikuwa naomba kingine.

Mwaka huu wifi, mke wa kaka, akaja na wazo la wageni kukodi miti. Familia inachagua mti, unawekewa kibao chenye jina lao, na msimu mzima wanakuja kuchuma na kupiga picha chini yake. Wazo si baya, nilimwambia. Na kaka nikamwambia, tena mezani, mbele ya mkewe: "Ile mitatu ya mbele usiiguse."

"Nani kaigusa?" akasema. "Wewe nawe, hata kwenye chai unatafuta ugomvi."

Ijumaa, Baba alipokwisha kurudi kutoka kwenye miti, kaka akaniletea vibao kumi na viwili barazani niandike. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo hata wasionipenda wanakubali. Vyote alikuwa ameshavipaka rangi nyeupe, nzito, kazi ya kulipua. Kimoja nikakikuta kina mikwaruzo chini ya rangi. Mwingine angeandika juu yake hivyo hivyo. Mimi silipui kazi. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikajaza mikwaruzo yote, nikakianika juani, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sahani, nikakipaka upya. Kisha nikaandika: FAMILIA YA DAKTARI WA MENO, na pembeni nikachora chungwa linalocheka. Wifi akakisifu kuliko vyote. Nikajisikia vizuri, jamani, msinicheke.

Jumamosi wageni walijaa mapema. Kaka alikuwa ametundika vibao alfajiri, mimi nikawekwa nyuma ya banda kwenye mashine ya juisi. Nilikuwa nimelowa mpaka viwikoni wifi aliponifuata. Baba hataki kuondoka kwenye mti, akasema, na wageni wanataka picha.

Nilimkuta amekaa udongoni chini ya mti wa pili, kofia kaivua, kibao kakishusha na kukipakata. Daktari wa meno, mtu mstaarabu kabisa, amesimama kando na mkewe na watoto, hawajui wacheke au waondoke. Baba alikuwa analia bila sauti. Kidole chake kinakwenda na kurudi juu ya kazi yangu nzuri.

"Pako laini," akaniambia. "Wamemtoa."

"Wamemtoa nani, Baba?"

"Ndimu wangu. Amekufa, na hakuna aliyeniambia. Hata mazikoni hawakunipeleka."

"Baba, mimi hapa. Ndimu ni mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Usinidanganye, nesi. Mimi mzee, si mtoto."

Nikageuka. Kaka amesimama nyuma yangu, kipaza sauti cha shindano mkononi.

"Mti wako ndio wenye kivuli, na uko karibu na maegesho," akasema, hata sijamuuliza. "Wangu una wadudu, nani angeutaka? Msimu ukiisha tunarudisha. Ubao ni uleule, mdogo wangu, sikuutupa. Niliupaka rangi tu."

Ubao ni uleule. Kaka alinifunika kwa rangi, ni kweli, na sitamsamehe. Lakini rangi peke yake ingemwachia Baba mashimo ya kusoma. Aliyeyaziba ni mimi, kwa gundi na msasa, nikasifiwa. Kama ningepitisha kidole polepole kama afanyavyo yeye, ningejisoma.

Nikachukua kisu cha kupogolea, nikakaa udongoni kando ya Baba, nikaanza kukwangua. Chungwa linalocheka ndilo lililotoka kwanza. Wageni wakahamishiwa kwenye trela. Nikamsikia kaka anatangaza kwamba shindano la kumenya linaanza, na watu wakapiga makofi. Gundi ilikuwa imeshika barabara, si mnajua kazi ya mtu asiyelipua. Ilinichukua saa nzima kuzitoa herufi tano, na kidole gumba kikachanika.

"Soma, Baba," nikamwambia.

Kidole kikapita ya kwanza, kikapita ya pili. Nikasubiri ageuke aniulize kama nimekula. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akakiegemeza kibao kwenye shina, chini kabisa, akakisukumia udongo kwa viganja mpaka kikasimama wima.

"Angalau mmemwandikia kaburi," akasema. "Ahsante, nesi. Wewe ulimfahamu?"

"Kidogo," nikasema.

"Alikuwa mkali. Lakini hakuniacha."

Msimu umekwisha, na kaka amekirudisha kibao juu mara mbili. Mara zote Baba amekishusha, akakisimamisha pale pale kwenye udongo, nasi tumemwachia. Kila asubuhi namshika mkono tunakwenda wote kwenye mti wa pili. Anapiga goti, anasoma kwa kidole, anavua kofia, ananiombea dua. Mimi namshikia mkongojo.