Arobaini Iliyopita Kikomo

Mama Yeshimebet, mama wa bibi harusi, aliingia studio yetu ya picha mtaani Gerji na mkate wa dabo mkononi, akakaa, akatangaza kwamba hatoki bila picha. Melsi, sherehe ya siku ya pili, ilikuwa saa tisa, na wageni mia nne wangetaka kuiona ukutani harusi ya jana.

"Nardos mwanangu, zimeiva?"

"Bado kidogo tu, mama."

Kidogo gani! Picha mia sita zilitoka na giza la kanisani. Badala ya kuzigusa moja moja, niliandika fomula ya mstari mmoja: kila nukta ya picha, ongeza arobaini. Sifuri ni nyeusi tii, mia mbili hamsini na tano ni nyeupe pe. Hesabu ya darasa la pili! Nikaiendesha juu ya picha zenyewe, bila nakala. Kadi ya kamera nayo bosi alishaifuta, kaenda nayo harusi nyingine mji wa Debre Zeit.

Nikafungua picha ya kwanza. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeusi. Shela za shangazi zake, nyeusi. Meno, meusi. Kwetu huvai nyeusi hivyo ila msibani.

"Hebu geuza kioo nione."

"Inafunguka, mama."

"Inafunguka toka asubuhi? Wifi yangu alinionya, studio hii ni ya picha za pasipoti."

Nikarudia hesabu. Nukta ya mia mbili arobaini, ongeza arobaini, ni mia mbili themanini. Imepita kikomo, ikazunguka kama mshale wa saa unaovuka kumi na mbili, ikaanza tena sifuri, ikaangukia ishirini na nne. Sikuiambia fomula ikome kwenye mia mbili hamsini na tano.

Halafu nikawaza. Ingekoma, nyeupe zote zingerundikana kwenye kikomo, na nani angezitenganisha? Hii imezunguka tu. Basi irudi ilikotoka.

Nikanakili picha moja, nikaandika: toa arobaini. Nikaisoma fomula mara mbili kwa sauti.

"Unaongea peke yako, mwanangu. Una homa?"

Nikabonyeza. Gauni likawa jeupe. Shela, nyeupe, hadi mikunjo yake, na giza lile la kanisani limerudi.

Mama Yeshimebet alishazunguka meza, yuko begani kwangu.

"Ndiyo nini hii? Giza kama shimoni!"

"Giza tutaliondoa, mama," nikasema, karibu nimkumbatie. Ilikuwa saa saba na nusu. Nikaanza kunakili zilizobaki zote, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.