Betri ya Bwana Shamba

Mara ya tatu Leonidas alipoisukuma pikipiki ya Idara ya Kilimo hadi karakana ya Sabiti, mjini Biharamulo, hakuja peke yake. Nyuma yake alifuata Pancras, katibu tarafa, daftari kwapani.

"Shikamoo, fundi," alisema Leonidas, ambaye Sabiti alimzidi umri kwa miaka ishirini.

"Marahaba, bwana shamba. Imelala tena?"

"Imelala. Jana imenitoa Kaniha ikivuma kama nyuki. Leo napiga kiki, kimya."

Pancras alikataa kuketi. "Betri hii ilikuja mpya mwezi wa kumi na moja. Imeingia humu mara mbili. Watu wanasema mpya umeiuza, ukatia kuukuu. Saa sita napeleka taarifa wilayani. Na wakati huu wa vita, Ndugu Sabiti, huo hauitwi wizi. Unaitwa hujuma."

Sabiti alilijua neno hilo na uzito wake. Aliyeandikwa hivyo siku zile hakuulizwa mara ya pili.

Mara mbili alizoletewa pikipiki aliambiwa haichaji, naye akakubali bila kupima: akaijaza betri umeme, akasugua kaboni za dainamo, akairudisha. Safari hii alianza upya. Alifunga betri yake mwenyewe, iliyojaa, akawasha injini, akashika taa ndogo ya kupimia juu ya vichwa vya betri. Leonidas alipoongeza mafuta, taa iling'aa zaidi.

"Dainamo inachaji," alisema Sabiti.

"Basi mbovu ni betri," alidakia Pancras. "Ile uliyoibadilisha."

"Subiri, ndugu yangu. Haraka haichemshi ndizi."

Alizima injini, akachomoa ufunguo na kuuweka mkononi mwa Pancras. Kisha akafungua waya mmoja wa betri, akaiweka taa yake kati ya waya na kichwa. Ilipaswa kubaki bila kuwaka. Iliwaka kwa unyonge.

"Pikipiki imezimwa, na bado kuna anayekunywa umeme."

Alichomoa waya mmoja mmoja. Wa honi: taa iliendelea kuwaka. Wa taa ya mbele: ikaendelea. Alipochomoa wa taa ya nyuma, ikazimika. Akaurudisha, akafunga betri, akangoja kidogo, kisha akaweka kiganja juu ya kioo cha taa ya breki, kilichopakwa rangi nyeusi kwa amri ya vita ya kuficha taa usiku.

"Kiguse, Ndugu Katibu."

Pancras alikigusa. "Kina joto."

Sabiti alikwangua rangi kwa ukucha, wekundu ukachungulia. Chini, tope la barabara ya Kaniha lilikuwa limekaukia kwenye swichi ya breki na kuizuia isirudi. Taa ilikesha ikiwaka, na rangi ikaificha machoni pa wote.

"Kumbe tope," alisema Leonidas, akicheka kwa faraja.

Ingetosha kuishia hapo. Kati ya wageni wake hakuna aliyejua nyaya. Lakini taa hiyo haikupaswa kupata umeme ufunguo ukiwa umetolewa, na waya uliounganishwa moja kwa moja na betri ulizungushiwa utepe kwa namna ambayo Sabiti aliitambua.

"Tope peke yake lisingeweza," alisema. "Mwezi uliopita swichi ya ufunguo ilisumbua barabarani, nikaukwepesha waya huu usipitie swichi, hukohuko njiani, ili bwana shamba awahi safari. Ni mkono wangu."

Pancras alifungua daftari. "Nikiandika hivyo, ni uzembe. Pikipiki za Serikali hutazigusa tena."

"Andika ilivyokuwa. Mimi si mwizi."

"Na nani atazitengeneza?" aliuliza Leonidas. "Au Katibu ana spana?"

Pancras alimtazama, akaandika polepole, akasoma kwa sauti: fundi ametenda uzembe, betri ni ile ile, ataendelea na kazi chini ya uangalizi wa katibu tarafa.

Sabiti alimsogezea kigoda. "Basi keti, mwangalizi. Waya huu naanza kuurudisha sasa."

Pancras akaketi.