Siku Ukumbi Ulipojaa

Watu wa Musoma wanaipenda sinema. Nalisema hili bila wasiwasi, kwa sababu miezi yote ambayo hawakuja ukumbini waliniambia hivyo kila siku sokoni. "Mama Shida, ule ukumbi wenu tunaupenda sana," wananiambia, huku wanaharakisha kwenda Nyakato kuangalia video.

Mimi ni Hyasinta. Nilikuwa nakata tikiti Sinema Mwanga, kwenye kidirisha chenye nondo, na mume wangu Bernado alikuwa juu kwenye chumba cha mashine, anaonyesha picha. Ukumbi haukuwa wetu. Wenyewe walikuwa matajiri fulani wa Mwanza, waliotukumbuka mwisho wa mwezi na kutusahau siku zilizobaki.

Bernado ni mzaliwa wa Murangi, mtoto wa wavuvi, mjukuu wa wavuvi, na ziwa linamtapisha. Sisemi ziwa likichafuka. Hata likiwa limetulia kama uji kwenye bakuli, akikanyaga mtumbwi tu, chakula kinarudi. Kaka zake walimcheka mpaka akakimbilia mjini, akaajiriwa kufagia ukumbi, akajifunza mashine, akawa mtu. Ukumbi ukifungwa, hakuna kazi nyingine aliyoijua, wala hatukuwa na pengine pa kwenda isipokuwa Murangi, kwa mama mkwe na kwenye mtumbwi wa kaka zake. Basi kila nilipotazama viti vitupu nilimwona mume wangu ameinamia maji, kaka zake wanacheka, na mama mkwe ananiuliza nimemlisha nini mwanawe.

Miaka ile ya foleni tulikuwa tunajaza. Vijisenti vilikuwepo, sabuni na sukari hazikuwepo, basi watu walileta vijisenti vyao kwetu, wakakaa gizani kuwaangalia Wahindi wakinywa chai. Chai ikimiminwa kwenye picha, ukumbi mzima ulinyamaza. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikamwagwa barabarani, na Mihayo akarudi kutoka Sirari na televisheni, deki ya video na jenereta, akafungua banda la mabati Nyakato.

Mihayo kwao ni Nyasura, kule Bunda, na ukoo wake na ukoo wa Bernado ni watani tangu mababu. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita fisi mbele ya wakwe zako na ukacheka. Ukifiwa, anakuja kujilaza kaburini na hatoki mpaka apewe chochote, na mnampa. Kwa hiyo Mihayo alipotunyang'anya watu, Bernado hakuwa hata na haki ya kununa. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko viti vitupu.

"Video ni sangara," aliniambia. "Sisi ni furu."

Kila mtu wa kandokando ya ziwa anajua jinsi sangara alivyowala furu, vile visamaki vidogo, mpaka wakabaki wa kusimuliwa.

Lakini hakukaa bure. Kwanza alisema tatizo ni kunguni, akamwagia viti maji ya moto. Kunguni wakaisha, watu hawakuja. Akasema tatizo ni giza la barabarani, akafunga taa mlangoni. Akasema ni bei, tukaipunguza. Kuhusu picha hakusema kitu, ingawa tulikuwa na moja tu, ya Kihindi, ambayo Mwanza walituletea wakasahau kuja kuichukua. Mkanda wake wa nne ulikuwa umeungua. Mkanda wa tatu ukiisha, binti yuko mikononi mwa majambazi. Wa tano ukianza, binti yuko harusini anacheza. Alitokaje kule, hakuna aliyejua. Mwanzoni watu waliuliza. Baadaye wakaacha kuuliza, na baadaye wakaacha kuja.

Siku moja nikamuaga Bernado, nikamwambia nakwenda Nyakato kuangalia huyo adui yetu ana nini. Sikuona kitu cha maana. Televisheni yenyewe ndogo kama katoni ya sabuni, picha inatetemeka, benchi halina mgongo, moshi wa jenereta unaingia ndani. Ila Mihayo alikuwa amesimama pembeni na fimbo, anatafsiri. Walikuwa Wachina wanapigana. Mihayo akasema yule mwenye kipara ni mfugaji wa Bunda, na yule mzee mwenye ndevu ni baba mkwe wake anayedai mahari iliyobaki. Kila teke lilikuwa ng'ombe mmoja. Mzee aliporuka juu ya paa, Mihayo akasema sasa anadai na ndama. Nilicheka mpaka kanga ikanifunguka.

Nyumbani nikamweleza Bernado yote, kwa sababu mimi kuficha sijui.

"Wachina hawatoagi ng'ombe," akasema.

"Najua, Baba Shida."

"Sasa ulicheka nini?"

Ugali wake ulilala kama nilivyouweka.

Haukupita muda, habari ikatufikia kutoka Mwanza. Mkaguzi angekuja Jumamosi, onyesho la saa kumi jioni. Akiukuta ukumbi umejaa japo nusu, wangetuletea picha mpya. Akiukuta mtupu, unauzwa kwa mnunuzi mmoja wa pamba wa Bunda, aliyekuwa anatafuta mahali pa kuwekea mbegu.

Bernado akamfuata Pastory. Pastory ana pikapu yenye spika juu, na ndiye anayetangaza vifo mji mzima. Ana kanda moja ya kwaya na sauti moja, ya vifo. Bernado akamwomba atangaze ukweli mtupu, kwa maana mume wangu hajui kutangaza kitu kingine. Ijumaa asubuhi tukasikia kwaya inakuja, halafu ile sauti ambayo akina mama wakiisikia wanaacha kutwanga:

"Tunasikitika kuwatangazia wananchi wote kwamba Sinema Mwanga iko katika hali mbaya. Kesho Jumamosi, saa kumi jioni, isipopata watu, ndio mwisho wake. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, Nyakato, Mwisenge, Murangi, Bunda na Butiama. Wote mnaombwa kufika."

Kwaya ikarudi.

"Huyu ametutangaza kama maiti," nikamwambia Bernado.

"Amesema uongo wapi?" akaniuliza. Nikatafuta, sikuuona.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kufagia, nikakuta nimetanguliwa. Nyuma ya ukumbi mafiga yalikuwa yameshapangwa, moto unawaka, masufuria ya kanisani yako juu. Kuna waliokuja na kuni, waliokuja na kabichi, waliokuja na unga kichwani. Turubai limefungwa kutoka kwenye nguzo ya umeme hadi kwenye dirisha langu. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu bei ya pamba. Marcelina, kiongozi wa jumuiya yetu, alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kugawa kazi: hawa maji, hawa vyombo, hawa kumenya. Mlangoni aliweka sahani, akaifunika kitambaa.

Bernado alikuja saa tano amevaa koti la harusi yetu. Watu wakajipanga kumpa mkono. "Pole sana, kaka." "Pole, mwanangu, ni kazi ya Mungu." Naye akawapokea mmoja mmoja, anashukuru, uso unang'aa, kana kwamba ameoa tena. Alikuwa anaona watu tu.

Mimi nilikaa kwenye kidirisha changu. Hakuna aliyenisogelea. Walipita mbele yangu, wakaweka chochote kwenye sahani, wakaingia. Mwishowe nikamwita Marcelina.

"Dada, mbona hawakati tikiti?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa kwa uchungu.

"Mama Shida, we uliona wapi? Tangu lini watu wanalipaga kiingilio msibani?"

"Lakini haijafa bado!"

"Ndio maana tumewahi," akasema, akanishika bega. "Wewe kaa, pumzika. Umekula?"

Niliwaka. Nilitaka kumwambia kwamba kama kila mmoja wao angekuja mara moja kwa mwezi, akakaa, akaangalia, akatukana picha akaenda zake, kusingekuwa na kabichi ya kumenya. Lakini mwanamke aliyebeba kuni kutoka Mwisenge kwa ajili yako unamtukanaje? Nikala.

Saa nane akafika Mihayo. Alikuwa amefunga banda lake, maana siku ya msiba watu hawafanyi biashara, na wateja wake wote walikuwa nyuma yake. Alivaa shati nje ndani. "Mtani wangu weee! Umeniachia nani!" Akajitupa kwenye ngazi za mlangoni, akakataa kuondoka mpaka alipopewa sahani ya ugali na sato mzima. Bernado alicheka. Siku hiyo alicheka kwa moyo.

Mkaguzi akafika kwa wakati, mtu mpole mwenye miwani na mkoba. Akasimama mlangoni. Viti vyote vimejaa, watu wako chini, wako ukutani, watoto wako mapajani kwa watu wasiowajua.

"Karibu, ndugu mkaguzi," Bernado akamwambia, akapanda ngazi kwenda kwenye mashine kama kijana.

Picha ikaanza. Watu waliijua yote. Waliimba na binti, walimwonya baba yake, chai ilipomiminwa wakanyamaza kama zamani. Mkanda wa tatu ukaisha, binti mikononi mwa majambazi, kitambaa cha picha kikabaki cheupe wakati Bernado anafunga wa tano. Hapo Mihayo akasimama mbele na fimbo yake. Ilikuwa zamu ya mtani, na hakuna wa kumzuia.

"Mnamwona binti?" akauliza, anaonyesha mahali peupe. "Amefungwa kamba. Majambazi wanamuuliza: wewe binti, unamngoja nani? Anasema, nawangoja watu wa Musoma. Majambazi wanacheka mpaka wanaangusha bunduki. Wanamwambia: hao? Hao wako Nyakato kwa Mihayo!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Binti anasema, watakuja. Wanasema, ulijuaje? Anasema, wananipendaga. Wananiambiaga kila siku sokoni." Mihayo akashusha fimbo. "Sasa amekaa hapo. Amekaa. Kamba zinamkata. Anasikia viatu nje, anasema, ni wao. Kumbe watu wanapita."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye Mihayo nadhani hakutegemea kufika pale, maana alibaki anatazama kitambaa. Kisha Marcelina akapiga yowe, yowe lenyewe la msiba, na akina mama wote wakalipokea. Wazee wakavua kofia. Mkaguzi akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Na juu kwenye mashine Bernado alikuwa ameshafunga mkanda wa tano, lakini hakuuwasha mpaka kilio kilipotulia. Alisubiri, kwa adabu. Ulipowaka, binti alikuwa harusini anacheza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza alitokaje.

Baada ya picha, Bernado alishuka mbio, koti limelowa jasho.

"Ndugu mkaguzi, umeona mwenyewe. Umejaa."

"Nimeona, ndugu Bernado. Tangu nianze kazi hii sijaona ukumbi umejaa namna hii." Alisema kweli, na alikuwa anatutakia mema, hilo simnyimi. Ila alikuwa mkaguzi. Akamgeukia Marcelina aliyekuwa anakusanya sahani. "Mama, mmeipenda?"

"Sana, mwanangu. Tuna uchungu sana."

"Na mtakuja tena lini?"

Marcelina akafikiri.

"Si arobaini?" akasema.

Mkaguzi alifunga mkoba wake taratibu. Akanawa, akala alichopewa, akaweka chochote kwenye sahani. Kisha akampa Bernado mkono, akaushika kwa mikono yote miwili. "Pole sana," akamwambia. Ndipo mume wangu alipoelewa. Niliuona uso wake ukizima, na nikajua sitausahau.

Jioni ile Mihayo alikuja nyumbani, shati amelivaa vizuri, utani ameuacha nje. "Mtani, njoo tufanye wote. Mimi natafsiri za Wachina, wewe za Kihindi. Utashinda nchi kavu."

"Mimi naonyeshaga picha," Bernado akasema. "Siisemeagi."

Nilikuwa na mwiko mkononi na nilitaka kumpiga nao. Nilimpenda vilevile, lakini hasira ndiyo ilikuwa karibu. Akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cheupe cha ukumbini, alichokishusha baada ya onyesho, amekikunja vizuri, akampa Mihayo. Kitu cha marehemu mtani ana haki ya kuondoka nacho. Mihayo alikipokea, akakiweka begani, akaondoka.

Arobaini walikuja kweli. Mbegu za pamba zilikuwa zimeshafika usawa wa kidirisha changu, kwa hiyo tulikaa nje. Marcelina aliongoza sala, tukala, watu wakasimulia jinsi ukumbi ulivyokuwa mzuri.

Kesho yake kaka zake Bernado walileta mtumbwi ufukweni Mwigobero kutuchukua. Bernado alivua viatu, akaniangalia, akapanda. Alitapika kamba ikiwa bado haijafunguliwa. Nilimshika mgongo kwa mkono mmoja na mwanetu Shida kwa mwingine, nikageuka kutazama nchi kavu, maana sikutaka kuwatazama kaka zake. Mji ulikuwa umekuja kutusindikiza. Walisimama kuanzia majini mpaka juu kule barabarani, wanapunga kanga, wanalia, Pastory amefungulia kwaya yake. Ukumbi ule usingewatosha.