Bega la Kushoto

Alhamisi ile fundi hakutulia. Akikaa kwenye cherehani anakumbuka pasi. Akiifikia pasi anachungulia dirishani. Akirudi, uzi umeshachomoka kwenye sindano. Kesho yake saa nne alitakiwa awe mbele ya msajili wa ndoa, yeye, mjane wa miaka hamsini na miwili, aolewe na fundi saa wa mtaa wa pili. Na gauni lenyewe lilikuwa limegoma.

Halikuwa gauni la makeke. Kola ndogo, mikono mifupi, kiuno kilichobanwa kidogo, basi. Alilikata kwa kufuata karatasi alizoachiwa na marehemu mama yake, naye pia mshonaji, karatasi zilizogeuka rangi ya chai, zilizochorwa kwa penseli kabla fundi hajazaliwa. Mama alikuwa mwembamba kama ufito, kwa hiyo fundi aliongeza vidole viwili kila ubavu, akashusha na mikunjo ya kifuani, maana umri ukishusha vitu, nguo nayo haina budi kufuata. Akaona pia kwamba bega la kushoto limechorwa chini kuliko la kulia.

"Mama naye," akacheka peke yake, "alichora huku anachungulia chungu jikoni."

Akayasawazisha mabega.

Sasa kila akijitazama kiooni, kitambaa kinakunjamana kwapani kushoto na kola inapanda shingoni. Alikuwa ameshafumua mara tatu. Wanawake aliowavika siku zao za ndoa hawana idadi, na lake moja limemshinda. Mganga hajigangi.

Moyoni alijua si gauni tu. Binti yake wa pekee, muuguzi, hakuwa amepokea simu yake kwa wiki tatu. Alipopewa habari alisema maneno mawili, "Umri huo?", akakata. Fundi saa, mtu wa maneno machache, alimwambia mchumba wake, "Ukitaka tungoje, tutangoja." Upole huo ndio uliozidi kumchanganya. Afadhali angefoka, apate wa kugombana naye.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa binti, na sare zake za kazini, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Sikuja kutoa baraka. Nimepita tu."

"Chai haihitaji baraka."

Binti akamtazama toka juu mpaka chini. "Na hilo gauni limefanyaje? Umelala nalo?"

"Niache na balaa langu."

"Hebu simama vizuri."

"Si nimesimama!"

"Hujasimama, mama. Uko kama mtu anayesubiri kukimbizwa."

Akautua mkoba, akabana pini midomoni, akazunguka nyuma. Ushonaji alifundishwa utotoni, akauacha kwa kukosa subira, lakini mikono ilikumbuka. Akamwekea mama viganja mabegani, akatulia.

"Bega lako la kushoto limeshuka."

"Limeshuka wapi?"

"Kidole kizima. Kila siku nanyanyua wagonjwa, mabega nayajua."

Fundi akaziendea karatasi, akazitandaza mezani. Mstari wa kushoto ulikuwa chini kwa kidole kimoja. Mama yake hakukosea kitu. Alijipima mwenyewe, na mwili ule ule akamrithisha mwanawe.

"Loo! Nimemsahihisha bibi yako," akasema, akaangua kicheko mpaka pini ikamchoma. Binti naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Baba alipofariki ulisema hutaolewa tena."

"Nilisema."

"Nami nikakuamini."

"Hata mimi nilijiamini, mwanangu. Nimechoka kula peke yangu."

"Ungeniambia."

"Ungehamia hapa?"

Binti akafuta macho kwa mkono wa sare, akachukua wembe, akaanza kufumua bega la kushoto uzi mmoja mmoja. Walishona mpaka jua likainama, wakizozana juu ya urefu wa pindo, wala fundi saa hakutajwa kabisa.

Asubuhi gauni lilikaa. Roho ndiyo haikukaa. Njiani fundi alisimama mara mbili, mara ya kwanza kwa kisingizio cha kiatu, ya pili bila kisingizio.

"Ukitaka kurudi, sema sasa," binti akamwambia.

"Sitaki kurudi. Naogopa tu."

Fundi saa alikuwa mlangoni kwa msajili, tai imemwendea upande. Binti akamwamkia shikamoo, akapita ndani. Ikatokea kwamba shahidi wa pili, jirani yao, hajafika. Msajili akaanza kugonga meza kwa kalamu.

"Lete," binti akasema. "Nitasaini mimi."

Akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikaingia kibonde. Halafu akambusu mama yake shavuni, akampa fundi saa mkono, akaenda zake. Zamu yake ilianza saa sita.

Fundi alibaki akiutazama mlango. Mumewe akamgusa kiwiko, akamwonyesha benchi.

"Tukae kidogo?"

"Hapana," akasema, "tutembee kwanza."