Mbwa Aliyejikuna Miaka Arobaini

Darasani walimwita Kiherehere, na hakukasirika, maana jina lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Akipata jambo jipya hawezi kutulia nalo. Litamtoka mdomoni, mikononi, hata miguuni. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisoma historia ya dunia ya zile karne ambazo marikebu zilianza kuzunguka bahari zote, watu wakajuana, wakauziana, wakadanganyana. Na siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, angesimama mbele ya semina kutetea mada yake ya utafiti. Idara ilikuwa na nafasi moja tu ya kumpeleka mwanafunzi ng'ambo, kwenye hifadhi ya nyaraka yenye picha za kale zenyewe, siyo nakala. Wote waliitaka. Kiherehere aliitaka kuliko wote.

Mada yenyewe ilikuwa tamu. Alikuwa na picha mbili za soko moja la bandari, kutoka vitabu viwili vya wasafiri vilivyopishana miaka arobaini. Katika ile ya zamani, wachuuzi wameshika mizani kwa mkono wa kushoto. Katika ile ya baadaye, kwa mkono wa kulia. Basi hapo katikati kuna kitu kilitokea! Wageni waliingia, wakawabana wenyeji, mkono ukabadilika. Mtu mmoja tu alimsumbua, muuza viungo wa pembeni, ambaye kila mara alikwenda kinyume na wenzake. Kiherehere alimmaliza kwa tanbihi mbili: kwenye picha ya kwanza, "huyu huenda ni mgeni", kwenye ya pili, "huyu huenda ni mkaidi."

Aliyeipenda mada hiyo kuliko wote ni shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye. Shangazi ni mashoto. Shuleni walimchapa vidole mpaka akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, lakini mkasi na mwiko viligoma kuhama.

"Mji mzima!" alisema asubuhi hiyo, chai ikimmwagikia kwa furaha. "Mji mzima wa mashoto, halafu watu wakaja kuwaharibia. Nenda kawaseme, mwanangu. Majirani nimeshawapa habari."

"Shangazi! Si ungesubiri kwanza?"

"Nisubiri nini? Hicho kiherehere chako unadhani umekirithi kwa nani?"

Akaenda maktaba. Alitaka kunakili picha ya zamani kwenye karatasi angavu inayoonyesha kilicho chini yake, ili wenzake waione vizuri ile mikono. Alichora polepole, kalamu ikifuata kila mstari: milingoti, vikapu, vilemba. Alipomaliza aliiweka karatasi kando, akafungua picha ya pili. Feni ya dari ikaipuliza ile karatasi, ikapinduka, ikatua kifudifudi juu ya picha. Alinyoosha mkono aiondoe.

Mkono ukabaki hewani.

Mistari ilikuwa imelingana. Mlingoti ulikaa juu ya mlingoti, kikapu kilichomwagika juu ya kikapu kilichomwagika. Na pale chini palikuwa na mbwa anayejikuna sikio, mbwa aliyekuwa amempita mara mia bila kumsalimu. Sasa mbwa alikaa juu ya mbwa, ukucha juu ya ukucha.

"Mbwa gani huyu," alijiuliza kwa sauti, "anajikuna miaka arobaini?"

Akaangua kicheko. Mkutubi akamkazia jicho. Aliyeketi mkabala naye, kijana wa darasa lao waliyemwita Wakili kwa kupenda kubishana, aliinua kichwa.

"Umepata wazimu au umepata kitu?"

"Vyote! Njoo uone. Siyo picha mbili hizi, ni moja. Mchongaji wa hii ya pili alichonga kwenye bamba la shaba vilevile alivyoona kitabuni. Ukiligandamizia karatasi, picha inatoka imegeuka. Kama mhuri!"

Wakili alitazama, akapiga mluzi mdogo. "Basi hakuna mkono uliobadilika. Mada yako imekufa."

"Imekufa fofofo."

"Na safari?"

Hapo kicheko kikakatika. Wakili akasogea, akanong'ona, "Sikiliza. Mimi sijaona, wewe hujaona. Watetee hao mashoto wako, upate nafasi. Ukirudi utatubu."

Kiherehere aliinamia picha. Ulikuwa ushauri mtamu, huo. Lakini macho yake yalikuwa yameshaganda kwenye panga. Katika picha ya zamani, hata manahodha wageni walining'iniza panga kiunoni upande wa kulia, mahali pa kuchomolea kwa mkono wa kushoto. Na hao nao wote mashoto?

"Wakili! Iliyogeuka ni hii ya zamani! Nayo pia imenakiliwa!"

"Kutoka wapi?"

"Kuna picha ya tatu!"

"Nje!" akasema mkutubi. "Wote wawili."

Kwenye semina alibandika karatasi yake kwenye kioo cha dirisha. Mwalimu wao, waliyempa jina la Ushahidi kwa kuwa hakujua salamu nyingine ila "ushahidi uko wapi?", alikuwa amefungua kurasa za Kiherehere, kalamu mkononi.

"Zile kurasa nilizowagawia," Kiherehere alianza, "zitupeni."

Wanafunzi wakaangaliana. Wakili akafunika uso. Mficha uchi hazai, na Kiherehere hakuficha hata kidole: akawaonyesha mbwa, bamba, panga. "Nilidhani nina mashahidi wawili," akasema. "Kumbe ni mmoja na kasuku wake, na hata huyo mmoja huenda ni kasuku wa mwingine."

Mwalimu aliinuka, akaigeuza ile karatasi mwenyewe. Akaigeuza tena.

"Nilisoma kazi yako mara mbili," alisema, "na huyu mbwa sikumwona. Lakini picha ya tatu, ushahidi uko wapi? Labda mchongaji wa kwanza alisahau tu kugeuza mchoro wake."

"Labda. Hapa sitajua, Mwalimu. Mpaka niione karatasi yenyewe, na mabamba kama yapo."

Mwalimu akafunika kalamu yake.

"Pasipoti unayo?"

Kiherehere akaanza kurukaruka. Wakili ndiye aliyejibu, kwa sauti, "Anayo, Mwalimu! Analala nayo!"

Nyumbani, Shangazi alicheza, akapiga vigelegele, kisha akakumbuka. "Na mji wangu?"

Kiherehere akamshika mkono. "Haukuwepo, Shangazi. Picha ndiyo ilikuwa imegeuka."

Shangazi akakaa kitini kama gunia lililofunguliwa.

"Subiri, Shangazi! Yule muuza viungo je? Niliyemwita mgeni, nikamwita mkaidi? Kama wenzake wote ni wa kulia, basi yeye..." Akachukua mwiko mezani, akauinua kwa mkono wa kushoto.

Shangazi akaupokea mwiko kwa mkono uleule.

"Huyo huyo," akasema taratibu. "Mkaidi. Niletee picha yake. Na uhakikishe hawajamgeuza!"